Nyumba Yenye Kila Kitu

Haya aliniambia mjukuu wangu Jumwa mwenyewe, Jumapili baada ya kanisa, tumekaa upenuni kwetu Kurawa tunapukuchua mahindi. Kila akifika pale pa kambare anatupa gunzi chini na kushika mbavu. Nami nangoja. Mtu akicheka hivyo humkatizi.

Na mbona msichana wa chuo yuko nyumbani anapukuchua mahindi na chuo hakijafungwa? Hilo usiniulize sasa. Lina njia yake, litafika siku nyingine.

Aliyekosa ya nyuma ashike haya tu. Jumwa wa Kitsao aliitwa chuo huko Garsen, kusomea maradhi ya mifugo. Chuo hakina mabweni, kila mwanafunzi anajitafutia chumba mjini. Kitanda alichotoka nacho nyumbani kilianguka kwenye pikipiki njiani kikavunjika, godoro likaingia mtaroni, na punda wa Garsen hawachagui, wakalila. Basi chumba kitupu hakimfai. Anataka chenye vitu vyake ndani, na kodi yake iwe ya mtoto wa mkulima wa simsim.

Alipata kimoja kizuri, kina makochi, kina televisheni. Kumbe televisheni ina mwenyewe. Kila jioni mwenye ploti alikuja kuiangalia, yeye na wenzake, viatu vyao vimejaa mlangoni kama kuna matanga. Jumwa akatoka. Akaenda kulala sakafuni kwa Cynthia, mwenzake wa darasani, kwenye chumba ambacho mmoja akitaka kujigeuza lazima amwambie mwenzake.

Hapo ndipo Kitsao alipopiga simu.

"Jumwa."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimesikia unalala sakafuni kwa watu."

"Ni kwa Cynthia, baba. Si kwa watu."

"Kwani Cynthia si mtu? Sikiza. Ijumaa nakuja mwenyewe kwa miguu yangu. Nikikuta una chumba chako na kitanda chako, nakuacha usome mpaka uchoke. Nikikukuta sakafuni tunarudi pamoja, na hiyo nafasi ya chuo wapewe wenye vitanda."

Kitsao akisema hivyo, basi. Namjua, mimi ndiye niliyemzaa.

Kesho yake Cynthia akaingia mbio, hata kiatu hakuvua.

"Jumwa! Nyumba imepatikana! Kuna mama wa maziwa pale sokoni anatafuta msichana mtulivu. Iko na kila kitu. Kitanda, vyombo, mikeka. Na kodi utaona haya kumpa."

"Ina nini?"

"Nimekwambia, ina kila kitu."

"Nauliza ina nini kibaya. Nyumba ya bei hiyo hapa Garsen, ama ina nyoka ama ina mwenye ploti."

"Wewe shida zimekuharibu. Twende!"

Wakaenda. Mama wa maziwa akawapokea. Jina lake Abdia, Muorma, mwembamba, anatembea haraka hata ndani ya boma lake mwenyewe. Akawapitisha mbele ya nyumba yake ya mawe, akawazungusha nyuma, akanyoosha mkono.

"Ile."

Jumwa akatazama. Ilikuwa nyumba ya mikeka, ya fito zilizopindwa, duara kama kapu lililofunikwa. Cynthia akageuza uso asicheke.

"Ingia uone," Abdia akasema.

Jumwa akainama, akainua mkeka wa mlango, akaingia. Na alipoingia, anasema, moyo ukatulia. Ndani kulikuwa na baridi tamu na harufu ya moshi wa kale. Kitanda cha fito kimeinuliwa juu, kimetandikwa mikeka juu ya mikeka. Vyombo vya maziwa vya kusukwa vimepangwa ukutani, na shanga shingoni. Hakuna kilichopotoka.

"Mama, hii nyumba ni ya nani?"

"Ni ya binti yangu Asli. Sisi kwetu nyumba ya kuolewa mama ndiye anamjengea binti. Hii mikeka yote ni mkono wangu huu."

"Na Asli mwenyewe?"

"Yuko Hola, anafanya kazi duka la nguo. Arusi bado. Ukame umekuwa mbaya, ng'ombe wa upande wa bwana wamepelekwa mbali, wazee wakasema tungoje mvua. Sasa mimi natoka alfajiri na maziwa, narudi jioni. Nyumba haina mtu, haina moto, mchwa wataila. Nataka msichana alale hapa, jioni awashe moto kidogo, moshi upite kwenye mikeka. Kodi ni ya sabuni tu."

"Na arusi ikifika, mama?"

Abdia akamtoa nje akamwonyesha mbingu. Mbingu ilikuwa nyeupe kama unga.

"Mvua unaiona wapi?"

"Siioni."

"Basi ingia ukae. Lakini mambo mawili. Vyombo vyangu vya maziwa usiviguse. Na ndani ya nyumba usipike kitu kinachonuka."

"Sawa, mama."

Sasa hapa mnisikize vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Jumwa ni Mgiriama. Kwetu sisi, kitu kinachonuka ni papa mkavu. Ukimchoma papa hata jirani wa tatu anajua. Kambare wa mtoni, aliyevuliwa asubuhi, huyo hanuki, huyo ni mboga. Lakini Abdia amekua na ng'ombe na maziwa, na kwake samaki ni samaki. Hakumtaja kwa sababu hakudhani duniani kuna mtu anayeweza kumwingiza samaki ndani ya nyumba ya bibi arusi.

Alhamisi jioni Jumwa akarudi kutoka chuoni na kambare wake mnene, alimnunua kwa mwanamke Mpokomo pale sokoni. Alikuwa na furaha. Baba anakuja kesho, kitanda kipo, nyumba ipo. Akawasha jiko nje, akaweka sufuria, nazi ikaanza kuchemka.

Ndipo upepo ukaja. Baada ya upepo, tone. Baada ya tone, mvua, ile mvua ambayo watu walikuwa wameisahau sauti yake. Watoto wa Garsen wakatoka uchi barabarani. Abdia naye alikuwa kwa dada yake huko Minjila, na njia ikawa tope, akalala huko huko.

Jumwa akatazama sufuria yake inanyeshewa. Akatazama mlango wa mikeka.

Akaingia nayo.

Alikula nusu, nusu akaibakiza. Akalala kitanda kile cha fito, mvua inapiga mikeka juu yake na hata tone moja halikuingia. Anasema, "Hawe, sijapata kulala vile." Hawe ndiye nyanya kwetu.

Asubuhi Ijumaa, chuo hakina masomo mpaka adhuhuri, akawa anapasha moto ile nusu. Akasikia sauti za wanawake nje.

"Hodi! Mko?"

Jumwa ana tonge mdomoni. Hajameza, mkeka umeinuliwa. Ikaingia pua kwanza, kisha mwanamke mzima mwenye buibui jeusi, na nyuma yake wengine watatu wanachungulia.

"Asli?"

"Hapana, mama. Jumwa."

"Jumwa wa nani?"

"Wa Kitsao."

"Simjui Kitsao. Mimi ni mama yake Bonaya, bwana arusi. Unafanya nini ndani ya nyumba ya mwanangu?"

"Nimepanga, mama."

Mama Bonaya akawageukia wenzake. "Anasema amepanga."

"Amepanga nini?" akauliza mmoja wa nyuma, asiyeona vizuri.

"Amepanga nyumba ya arusi!"

Wote wakasema haiya kwa pamoja. Mama Bonaya akavuta pumzi, akaikata katikati.

"Na hii ni harufu gani?"

Jumwa akatazama sufuria. Kichwa cha kambare kilikuwa kimeegemea ukingo, kinamtazama.

"Ni mboga, mama."

"Mboga ina sharubu?"

Yule wa nyuma akaangua kicheko, akajiziba na buibui. Mama Bonaya akamkata jicho.

"Unacheka nini? Jana mvua imeshuka mpaka malishoni. Ng'ombe wako njiani. Jumapili tunaoa! Nimekuja kuona nyumba, nakuta samaki ndiye amelala ndani na bibi arusi hayuko!"

Jumwa alisikia neno moja tu hapo. Jumapili. Kijiko kikamtoka mkononi.

"Mama, Jumapili hii?"

"Wewe ulitaka lini? Tukuulize wewe?" Akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Unasoma?"

"Ndiyo, mama. Nasomea maradhi ya mifugo."

"Wewe? Ng'ombe wangu akiugua nimlete kwako?"

"Ukimleta nitamtibu."

"Utamtibu na nini, na supu ya sharubu?"

Hapo hata Mama Bonaya mwenyewe mdomo ulimcheza. Lakini aliukaza.

Abdia akatokea wakati huo huo, amerudi kutoka Minjila, tope mpaka magotini, madumu ya maziwa mikononi. Aliona wanawake mlangoni akafurahi. Kisha upepo ukageuka, akanusa, akaweka madumu chini polepole.

"Abdia!" Mama Bonaya akamwendea. "Nyumba ya mwanangu umeifanya hoteli!"

"Nyumba ya mwanao? Mwanao amesuka mkeka gani hapa? Hata kifuniko cha kibuyu amesuka?"

"Mimi nasema samaki, wewe unasema mikeka!"

"Na mimi nasema mlituambia tungoje mvua!"

"Si imekuja?"

"Imekuja jana! Kwani mtu hapumui? Nyumba nimeitunza miezi yote, ninyi mmekaa kimya, hata salamu hamna, leo tone moja limeanguka mmeshavaa!"

"Tumekuja kwa heshima!"

"Karibuni kwa heshima! Jumwa! Sikukwambia usipike kitu kinachonuka?"

"Mama, mimi nilijua unasema papa mkavu."

"Papa mkavu ndio kitu gani?"

Yule mwanamke wa nyuma akakaa chini kabisa, machozi ya kicheko yanamtoka, akasema, "Mwacheni mtoto. Kwao samaki si kitu. Sisi tunanuka maziwa, yeye anatuvumilia."

Wakacheka wawili, kisha watatu. Abdia akakataa kucheka, kisha akashindwa. Mama Bonaya ndiye wa mwisho, na alicheka huku amenyoosha kidole sufuriani, "Lakini hiyo itoke!"

Ikatoka. Na kazi ikaanza. Mikeka ikashushwa, ikakung'utwa, ikaanikwa uani. Vyombo vikatolewa kimoja kimoja. Abdia akaleta chetezo na ubani, wengine wakaleta zile kuni zao zenye harufu, moshi ukajaa nyumba mpaka ukatokea kila tundu. Jumwa naye hakukaa. Alibeba, alifagia, alisugua sufuria kwa majivu mpaka ikawa mpya. Mama Bonaya alikuwa anamtazama kwa pembe ya jicho.

Jumwa alipomaliza, akamwita.

"Mwanangu, huna kosa la kukupiga. Lakini leo huwezi kulala hapa. Nyumba inafukizwa mpaka Jumapili. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama. Ila baba yangu anakuja leo alasiri."

"Aje! Tutampa chai ya maziwa, na mahamri."

"Si chai anayokuja kutafuta, mama. Ni kitanda."

Akawaeleza. Kwamba asipoonyesha kitanda anarudishwa Kurawa leo leo. Abdia akasema angempa pembe ya nyumba yake, lakini wageni wa arusi wanaanza kufika kesho, sakafu yote imeshagawanywa. Sakafu tena. Jumwa akafunga nguo zake kwenye leso, akakaa juu ya beseni lake uani, anangoja tu saa ifike.

Lililofika kwanza ni gari la Hola, na ndani yake Asli.

Msichana mrefu, mweupe wa meno, ana mkoba mkubwa wa kuvuta. Akamkumbatia mama yake, akampa heshima Mama Bonaya, akashikwa mashavu na wale watatu. Kisha akainua pua.

"Nani amepika kambare?"

Abdia akasema haraka, "Ni huyu mpangaji, amekosea, tunafukiza, usijali." Asli akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Akamshika Jumwa mkono, kama anakwenda kumfokea, akampeleka nyuma ya choo.

"Imebaki?"

"Nini?"

"Kambare!"

Jumwa alikuwa amemfunika kwa sahani, amemficha nyuma ya ua. Asli akachuchumaa akamla, na kichwa, na mifupa ya kichwa akainyonya. Akafuta mkono kwenye nyasi.

"Mama asijue. Huko Hola nakula kila wiki. Bonaya ndiye aliyenifunza."

"Bwana arusi anakula samaki?"

"Kuliko wewe. Sasa sikia, dada. Nimesikia una shida ya kulala. Mimi pia nina shida."

"Wewe? Una nyumba nzuri vile?"

"Ni nzuri, na mama ameisuka, na nitakaa siku zote za arusi nikiwa na furaha, wallahi. Lakini baada ya hapo mimi na Bonaya tuna keja yetu ya mawe, upande ule wa kituo cha petroli. Tiles, sofa, gesi. Kitanda cha mbao, godoro bado liko kwa nailoni. Tumeinunulia vitu pole pole, kimya kimya."

"Na mama zenu?"

"Wakijua kabla ya arusi, hakuna arusi. Mama Bonaya anataka mwanawe alale kwenye mikeka kama baba yake alivyolala. Tukishaoana tutawaambia taratibu." Akatoa ufunguo kwenye mkoba. "Wewe lala kule hizi siku za arusi. Arusi ikiisha tunabadilishana. Sisi tunakwenda kule, wewe unarudi huku kwa mama. Mama anapata mtu wa kuwasha moto, mimi napata mtu wa kunitunzia siri. Na babako anaona kitanda. Nani amepoteza?"

Jumwa akautazama ufunguo. Ulikuwa mpya, unang'aa.

"Na Bonaya?"

"Bonaya yuko na ng'ombe. Hafiki mjini mpaka kesho. Chukua, dada! Babako yuko njiani!"

Akachukua. Nani hangechukua?

Akaaga kwa heshima, akasema amepata mahali, akapewa chupa ya maziwa na Mama Bonaya mwenyewe. Cynthia akamsaidia beseni mpaka mlangoni, akarudi mbio darasani. Jumwa akafungua mlango.

Ilikuwa kama Asli alivyosema. Sakafu unajiona uso. Sofa jekundu. Kitanda kipana na nailoni yake. Lakini kuna vitu Asli hakuvisema. Nyuma ya mlango suruali mbili. Chini ya meza viatu vya kiume, virefu kama mitumbwi. Kwenye beseni la kunawia wembe na brashi ya ndevu. Na ukutani juu ya kitanda, kwenye hanga, kanzu nyeupe ya arusi, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe.

Simu ikalia.

"Jumwa, niko stendi. Nielekeze."

Suruali zikaingia chini ya kitanda. Viatu vikazifuata. Wembe na brashi akavitia ndani ya bakuli la sukari, sijui kwa nini, na yeye hajui. Ikabaki kanzu. Kanzu ya arusi mtu haikunji akiwa na akili zake. Akachukua leso yake, akapanda kitandani, akaifunika kanzu kuanzia mabegani mpaka chini.

Kitsao akafika. Aliposimama mlangoni akavua viatu bila kuambiwa.

"Hii ni nyumba ama ni benki?"

"Karibu, baba."

Akaingia kwa vidole. Akafungua bomba, akalifunga. Akabonyeza sofa. Akawasha gesi, ikamrukia kidogo, akaizima, akajifanya hakushtuka.

"Nani analala hapa nawe?"

"Hapa hajalala mtu yeyote, baba. Hata nailoni haijatolewa, ona."

Akaona. Na ilikuwa kweli.

"Kodi yake utaiweza wapi?"

"Tumeelewana na mwenyewe. Ni msichana mwenzangu, anaolewa Jumapili. Mimi namwangalizia nyumba."

Hiyo pia ilikuwa kweli. Jumwa ananiambia, "Hawe, sikusema uongo hata mmoja, lakini jasho lilinitoka kuliko mwongo."

Kitsao alikuja amejiandaa kugomba, hata maneno alikuwa nayo, aliyapanga tangu Kurawa. Sasa hana pa kuyaweka. Akakohoa.

"Punda walifanya vizuri kulila lile godoro," akasema.

"Baba!"

"Nasema kweli. Lilikuwa na kunguni." Akamshika bega. "Basi. Soma. Nitamwambia mamako ana binti anayekaa kama afisa. Na ukimaliza uje unitibie mbuzi wangu bure."

Jumwa akataka kulia, akataka kucheka. Amebaki! Amebaki Garsen! Akamkaribisha maziwa ya Mama Bonaya, mzee akanywa kikombe, akanywa cha pili, akapiga mwayo.

"Gari la kurudi bado. Wacha ninyooshe mgongo."

"Nyoosha hapa kwa sofa, baba. Sofa ni laini sana!"

"Sofa ni la wageni. Mimi mgeni hapa?"

Akapanda kitandani. Nailoni ikalia chini yake. Huyu ni Kitsao, wasomaji wangu, ambaye tangu ujana wake hajakalia kitanda cha mwanamume mwingine, na kwetu kitanda cha mwanamume si kitu cha mchezo. Angejua amelala kwenye cha bwana arusi, angetokea dirishani.

Akatazama juu.

"Hiyo leso imefunika nini?"

"Nguo, baba."

"Nyeupe?"

"Nyeupe."

"Ya kuvaa kanisani?"

Mzee akajijibu mwenyewe, "Vizuri. Chuo kisikufanye uache kanisa."

Akafumba macho.

Simu ya Jumwa ikatetemeka. Ujumbe wa Asli. *Dada samahani sana. Bonaya amemwachia kaka yake ng'ombe, anapitia kanzu yake sasa hivi. Nampigia hashiki. Ana ufunguo wake.*

"Baba," Jumwa akaita. "Baba, twende nikuonyeshe chuo."

"Mm."

"Baba, kuna mbuzi wazuri huko chuoni. Wa kizungu."

"Nitawaona kesho kutwa," mzee akasema, na ulimi tayari mzito.

Nje pikipiki ikasimama. Mtu akashuka, anaimba, sauti ya kijana anayekwenda kuoa. Jumwa akaruka kuishika leso, akaivuta vibaya, ikateleza kwenye kanzu, ikaelea, ikamwangukia Kitsao kichwani na mabegani, maua mekundu na njano, mpaka haijulikani aliye chini yake ni mwanamume au mwanamke. Juu yake kanzu ikabaki wazi, nyeupe, inaning'inia.

Ufunguo ukaingia kwenye tundu. Ukazunguka.

Na Kitsao, mwanangu, akaivuta ile leso vizuri chini ya kidevu, akageukia ukutani katikati ya kitanda cha watu, akalala fofofo.